Makopo ya Kahawa Niliyomletea Mama Kutoka Oman

Admin, jina langu naomba ubaki nalo wewe. Nyie mnaosoma, mkitaka kunitukana nitukaneni, lakini mnijibu.

Mie ni mama wa mtoto mmoja, nina miaka ishirini na saba, naishi Buza kwa mama yangu mzazi. Shule nimeishia kidato cha nne. Baba wa mtoto alishaoa kwingine, hilo nilishalimaliza. Kilichonileta hapa ni mama.

Binti yangu alipofika miaka mitatu nilienda Oman kufanya kazi za ndani. Miaka miwili mizima mama ndiye aliyemwogesha, akampeleka chekechea, akahangaika naye na homa zake. Na yeye mwenyewe ana presha, miguu ilikuwaga inavimba mpaka kandambili haziingii. Siku moja kwenye simu nikamsimulia kwamba bibi wa nyumba ninayofanyia kazi anachemsha majani fulani ya milimani, anakunywa, anapanda ngazi kama msichana. Mama akasema, "Basi niletee hayo, mwanangu. Na ile kahawa yao ya iliki niwaonjeshe wenzangu." Hajawahi kuniomba kingine.

Yule bibi alinipa majani mfuko mzima. Nikanunua na kahawa makopo mawili, yamefungwa kiwandani. Sasa wenzangu niliokuwa narudi nao wakaniambia majani yanakamatwa uwanjani, yafukie kwenye kahawa, harufu itayaficha. Nikafungua makopo, nikapunguza kahawa, nikashindilia majani, juu nikafunika na kahawa. Nikajiona mjanja.

Tulipotua Dar, begi likapita kwenye mashine, dada mmoja wa ukaguzi akaniita pembeni. "Una majani, mbegu, mmea wowote?" Nikajibu, "Hapana dada, kahawa tu." Akazamisha kijiko. Majani haya hapa.

"Sasa dada yangu," akasema, wala hakufoka, "kahawa ikiwa imefungwa ungepita nayo. Na majani ungesema tu, tungeangalia kama yana cheti. Umechanganya, mie siwezi kukuchambulia. Yote yanateketezwa."

Nililia pale mbele za watu. Nikamwambia ni ya mama. Akanisainisha karatasi, akanirudishia makopo matupu.

Nyumbani binti yangu aliponiona akajificha nyuma ya kanga ya bibi yake. Mama akamsukuma mbele, "Mwamkie mama yako." Mtoto akasema, "Shikamoo mama mgeni." Watu wakacheka, nami nikacheka nao, kisha nikaenda kulia chooni. Nilipotoka mama akanishika mkono, akaninong'oneza, "Dawa yangu umeikumbuka?" Huyu ndiye aliyenilelea mwanangu. Nikashindwa. Nikasema, "Ipo mama, ngoja kesho nifungue begi."

Asubuhi nikaenda sokoni Tandika kwa muuza dawa za asili. Nikanunua majani makavu yaliyochanganywa, hata sikuuliza ni ya nini, nilichotazama ni rangi ifanane. Kahawa ya unga nikaitia iliki. Nikajaza, majani kopo moja na kahawa jingine, kwenye makopo yale yale yenye maandishi ya Kiarabu.

Laiti angekunywa akanyamaza! Kila anayeingia anaambiwa, "Onja, mwanangu kanikumbuka." Jirani yetu mmoja mwenye mdomo akamtania, "We bibi, kwa miguu hiyo utafika Oman kwa kutembea." Mama akamjibu, "Nitakukuta huko huko unafagia." Miezi miwili akawa anatembea kweli, au sie ndio tulitaka kumwona anatembea. Nilichokuwa sikijui ni kwamba vidonge vyake vya presha aliviacha. Nilikuja kuvikuta chini ya godoro, havijafunguliwa.

Wiki tatu zilizopita alianguka akianua nguo. Upande wa kulia umepooza, mdomo umekwenda pembeni. Hospitali daktari akauliza alikuwa anatumia nini, kaka yangu akadakia, "Majani ya Oman, kaleta huyu." Baadaye nikamfuata daktari peke yangu nikamweleza ukweli wote, nikampelekea na majani yenyewe. Akasema hawezi kujua yote yaliyomo, ila kuacha vidonge kwa presha ile ni hatari kubwa. Akaniambia na kingine: mama asipewe mshtuko kwa sasa.

Vidonge namnywesha kwa mkono wangu, namkagua mpaka chini ya ulimi. Hapo sihitaji ushauri.

Ila kopo la majani halipo. Mama mdogo anayekaa Kimbiji alikuja kumwangalia mgonjwa siku nimempeleka mtoto shule. Mama alimwonyesha kwa ule mkono mzima, achukue. Nimejua jana, aliponipigia anacheka: "Mwanangu, majani yako kiboko! Vidonge vyangu nimeviweka kabatini." Naye ana presha.

Nikamwambia, "Mama mdogo, shikamoo, nakuomba, mwaga hayo majani, meza vidonge leo hii." Akanijibu, "Marahaba. Mbona dada kanipa kwa moyo wake, we unaninyima? Au unaogopa yataisha? Nitamuuliza mwenyewe." Akakata.

Kesho nakwenda Kimbiji kumwambia ukweli. Hilo nimeshaamua, siwezi kuangusha wawili. Lakini mama mdogo hana kifua cha kuficha neno, na namba ya simu ya mama anayo. Nikichelewa, mama atausikia kwa mwingine. Nikimwambia mwenyewe leo, naogopa nitamuua kwa mdomo wangu. Na kila anapojaribu kuongea na wageni, kwa ulimi ule mzito, bado ananisifia.

Mliowahi kumwambia mzazi aliyelala kitandani jambo la namna hii, mlianzaje? Neno la kwanza lilikuwa lipi? Nisaidieni jamani, sasa hivi nimekaa naye, ananitazama.