Burma Iko Upande Gani?

Siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani nilikuwa Iringa, kwenye uwanja wa boma. Tarumbeta ilikwisha kulia, na wote tulisimama kimya kuielekea bendera. Mama mmoja tu wa Ilula, kikapu mkononi, alikuwa akigeuka mara huku, mara kule.

"We mama, tulia! Tazama bendera," tarishi wa boma alimnong'oneza kwa ukali.

"Kwani mwanangu kazikwa kwenye bendera? Mliniambia kafia Burma, kwenye vita vya Mjapani. Kila mwaka nakuja kumwita, na kila mwaka sijui nielekee wapi. Burma iko upande gani, baba?"

Tarishi akamtazama askari. Askari akatazama buti zake.

Nikanyoosha kidole kaskazini-mashariki, juu ya paa la duka la Mhindi. Mama akatua kikapu, akaipa kisogo bendera pamoja na Bwana Shauri, ofisa Mzungu wa boma, na shada lake la maua, akaita jina la mwanawe mara moja, kama anayemwita mtoto aje kula. Kisha akatega sikio. Uwanja mzima ulikuwa umejaa watu, naye alisimama peke yake.

Ndugu wasomaji, nina digrii ya geography, na kila ofisi kutoka Mbeya hadi hapa imenijibu, "Sorry, no vacancy." Serikali iliyojua njia ya kumfikisha kijana Burma haikuwa na mtu wa kumwonyesha mama yake upande.

Basi siku ile nilipata kazi. Ilikwisha tarumbeta ilipolia tena.