Nyumba ya Gavatx

Aimé Vaysse alivuka vilima akaja kumuoa Tecla Ferriol angali kijana. Kutoka kwao hadi ukweni ni mwendo wa asubuhi moja tu, lakini tangu siku ile kijiji kizima cha Wakatalani kilimwita gavatx, na hata alipoota mvi akawa gavatx vile vile.

Binti yao Odila, mwalimu katika mji wa Perpinyà, alimtafutia maana yake. Kwa Kifaransa, akamwambia, ni mwoga, mtu wa hovyo. Kwa Kikatalani ni mtu wa kaskazini anayewaharibia wenyewe lugha yao. Na asili yake, wengine husema, ni ule mfuko wa punje shingoni mwa kuku, kwa sababu vibarua walioshuka milimani kuja kuvuna walikuwa na rovu, uvimbe wa shingoni. Aimé akapapasa shingo yake, akacheka. Lakini ilimuuma, na nani isingemuuma?

Kila mkesha wa Pasaka wanaume hupita mlango kwa mlango wakiimba na kukusanya mayai na soseji za kupikia kimanda cha wote. Aimé walimpa kapu abebe. Kuimba walimkatalia, eti atawavurugia maneno. Penye msiba hawaanzi kuimba hivi hivi: kiongozi hubisha hodi na kuuliza, "Tuimbe au tusali?"

Mwaka mmoja Tecla alifariki katikati ya Kwaresima. Mkesha ulipofika, Aimé akabaki nyumbani na koti lake jeusi, akingoja aulizwe. Hakutaka kingine, alitaka kijiji kimsalie mkewe.

Wakaja, wakaporomosha wimbo wa furaha na makofi juu. Alipofungua mlango, sauti zikakatika moja moja.

"Mbona hamkuniuliza?"

Kiongozi wao, Gaspar, alikuwa binamu wa Tecla. Akajikuna kidevu. "Tuwie radhi, shemeji. Tulidhani nyumba ya gavatx haina habari na mambo haya."

Tecla huyo huyo, aliyebatizwa kanisani kwao na kuwapikia kimanda miaka nenda rudi! Alipofumba macho tu, wakamfanya mgeni.

Mmoja akavua kofia, akaanza Baba Yetu. Aimé akamnyamazisha kwa mkono; sala ya kukumbushwa hakuitaka. Akampa Gaspar bakuli la mayai, maana Tecla hakuwahi kuwanyima.

"Aliyekufa humu ni Tecla Ferriol, damu yako," alisema. "Gavatx bado mzima. Siku nikifa mimi, ndipo mje muimbe."