Wa Tano Katika Karatasi

Kwa miaka ishirini mwalimu Kusumrani alikuwa akiihesabu wilaya kwa miguu yake. Kila sensa alipewa vijiji vilevile vya Bundelkhand, huko India, na mwishoni mwa orodha, Bhadora. Kitabu cha wilaya kilisema homa ya mwaka 1918 iliwamaliza watu wake wote. Tangu hapo Bhadora kiliitwa kijiji kisicho na taa, yaani kisicho na mtu, lakini hakikufutwa orodhani: kila baada ya miaka kumi sharti mtu aende, aangalie, aandike sifuri.

“Usije ukanipatia mtu huko, Dada,” alimtania Pateriya, msimamizi wake. “Tutachapa kitabu upya.”

Mwaka huo wa 2011 aliianza hesabu nyumbani kwake. Mama mkwe, yeye, watoto wawili. Kisha akamwandika wa tano, mumewe, baba Sunil, aliyekwenda kutafuta kazi mji wa Surat miaka saba nyuma, na kwa miaka sita hajaleta hata salamu. Sheria aliijua, maana ndiye aliyewafundisha wenzake: asiyekuwepo haandikwi, na mtu mmoja haandikwi mahali pawili. Lakini kumwacha nje ya karatasi aliona ni kumzika kwa mkono wake. Akaliandika jina ambalo ulimi wake haukuwahi kuligusa. Kwao mke halitaji jina la mume. Likimtoka kinywani, umri wa mwenye jina hupungua. Mjane ndiye hulitaja, kwa kuwa hana tena wa kumkinga.

Bhadora aliifikia adhuhuri. Kuta zilibaki kimo cha magoti, isipokuwa nyumba moja. Uwanja wake ulikuwa umesilibwa kwa samadi mbichi, alama za vidole bado zinaonekana. Mwanamke aliyejifunika ushungi hadi kidevuni alikuwa akipepeta dengu, na ungo ulikwenda juu na chini bila sauti.

Kwa mazoea tu, Kusumrani akachuchumaa, akafungua daftari, akauliza wako wangapi.

“Wawili,” alisema yule mwanamke. “Mimi wa zamani, tangu ile homa. Huyu mwenzangu mgeni, miaka sita sasa.”

Kizingitini palikuwa na ndala za kiume, ukanda wa kushoto umeshonwa kwa uzi mwekundu. Uzi ule Kusumrani aliujua. Aliupitisha yeye, asubuhi ya safari ya Surat.

Akauliza jina la mwanamume, kama alivyowauliza wake wengi wasiotaja majina ya waume: yeye abahatishe majina, mwenzake aitikie kwa kichwa akilipata.

“Kwangu huyu si mume, nilifiche jina lake la nini? Ni wako, binti. Miaka sita kasimama hapo mlangoni. Kila nikimwambia kaa, ananijibu nyumbani kwake bado anahesabiwa pamoja na walio hai. Wewe mwenye kalamu humwonei huruma?”

Kusumrani hakuchungulia ndani. Aliondoka kinyumenyume mpaka akalifikia shamba la ngano, ndipo akageuka.

Kesho yake alimpelekea Pateriya makaratasi. Msimamizi aliuliza habari za Bhadora, akajibiwa sifuri, akacheka. Kisha akafika kwenye karatasi ya nyumbani kwa mwalimu, akakuta mstari wa tano umekatwa.

“Huyu vipi, Dada? Nani umemkata?”

Kusumrani alizitazama bangili zake, ambazo mjane havai.

“Halkuram,” alisema.

Pateriya akaiweka kalamu chini. Alisimama, akamvutia kiti.