Nilimtania Mtani Wangu, Akapigwa kwa Uchafu Wangu

Wenzangu, kosa ni langu. Msimtafute mchawi, wala msilaumu mvua. Mimi!

Kijijini kwetu, nje kidogo ya Tabora, Bwana Afya alituchimbisha mashimo mawili ya maji machafu. Maji ya bafuni na ya machinjioni huingia la kwanza, taka zikatua chini. Kisha hupita la pili, lenye kokoto na mchanga, yakatoka yamechujika kwenda mbugani, kwenye mashamba yetu ya mpunga.

Kazi ya kuondoa utando juu ya maji na kuosha kokoto nilipewa mimi, kwa kuwa nimefika sekondari na sitoki nyumbani. Kweli sitoki! Safari ya Kanyenye, hapo mjini tu, hunitia homa.

Masika yale nikakipenda kiti changu kuliko kokoto. Shimo likaziba, likafurika, uchafu ukateremka hadi kisimani. Watoto wakaanza kuhara. Mtoto wa Maganga, mhunzi, akafa.

Msibani Maganga aliniuliza mbele ya watu, "Wewe ndiye mlinzi wa mashimo. Nani kaziba?"

Ulimi wangu ukakimbilia utani! "Si huyu Mzaramo wangu? Kaziba makusudi, tufe wote arithi mbuga yetu."

Watani mnawajua. Tangu babu zetu walipobeba mizigo kwenda pwani, Mnyamwezi kama mimi na Mzaramo hutukanana hata mbele ya maiti, na kununa ni mwiko. Kibwana, mshona viatu, rafiki yangu kipenzi, akajibu kama mila inavyomtaka:

"Nimeziba, mtumwa wangu we! Na kesho nakuziba wewe!"

Hakuna aliyecheka.

"Kakiri!" mtu akapiga kelele.

Lo! Mpini wa jembe ulimpata mdomoni kabla hajamaliza kicheko. Meno yakaruka. Wakamwangusha, wakaukanyaga mkono wake wa kushikia sindano hadi nikausikia mfupa. Maganga alipiga huku analia. Pigo moja likatua jichoni, nami nikaona kilichotoka. Sitakiandika.

"Mtani!" Kibwana aliniita, damu imemjaa kinywani. "Waambie ni utani!"

Mdomo nilikuwa nao. Huu huu unaosifiwa kwa maneno! Lakini nikawaza: nikisema ni utani, wataniuliza tena nani kaziba.

Nikakimbilia kwangu, nikafunga mlango, nikakaa kitini. Shujaa! Nikawasikia wakiendelea hadi jumbe alipofika kuwaamua.

Kibwana hakufa. Ana jicho moja, na viatu hashoni tena.

Mwaka huu mama yangu alifariki. Kibwana akaja kuchimba kaburi, ndiyo kazi ya mtani msibani. Watu wakasubiri alale humo agome kutoka mpaka nimbembeleze, kama watani wafanyavyo. Wengine walishaanza kutabasamu. Alichimba kwa mkono mmoja, akapanda juu, akapangusa jembe.

"Pole, bwana," akaniambia.

Bwana! Mimi, mtumwa wake wa miaka yote! Afadhali angenipiga kwa jembe lile.

Enyi mnaotaniana, tanianeni, lakini mzaha wenu ukishika mpini wa jembe, tokeni nje mseme. Na wewe uliyekabidhiwa mtaro wa watu, inuka kitini leo.

Maganga bado anaamini alimpiga mwenye kosa. Nikishakunja karatasi hii nakwenda kumwambia. Nyumba yake ni ya tatu kutoka kwangu. Sijawahi kusafiri mbali hivyo.