Ndoo za Mchanga Zilizotiwa Makonyo

Namshukuru Mungu kwamba haya ninayaandika kwa mkono wangu wa kulia, ingawa vidole viwili havinyooki. Nawaandikia walioungua na wanaowauguza, wajue kuwa mtu huvuka. Kosa langu sitalificha. Nimelificha vya kutosha.

Miaka ya mwisho ya hamsini nilikuwa mwalimu kijana huko Gando, Pemba. Nilikuwa nimemaliza sekondari Unguja, na kwa hilo nikijiona mtu mkubwa. Nilifundisha watoto wa darasa la kwanza. Tuliletewa picha ya wazima moto ili watoto wajifunze majina ya vifaa: kofia ya chuma, mpira wa maji, ngazi, shoka, ndoo ya mchanga. Kati ya vyote hivyo, shule yetu ilikuwa na ndoo tu. Zilikuwa mbili, nyekundu, zimetundikwa barazani. Niliwakataza watoto kuzigusa.

Karafuu zilizaa sana mwaka ule, na kila chombo kilikuwa na kazi. Nyumbani makapu yote yalijaa. Makonyo, vile vijiti vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa, yalikosa pa kuwekwa. Nikamwaga mchanga wa zile ndoo, nikatia makonyo yangu makavu, nikazitundika tena. Nilijiambia ni kwa siku mbili. Zikapita wiki tatu, na mimi nikasahau.

Siku ya somo niliwasha moto mdogo wa makuti uwanjani, nikainama kuuchochea. Nikasema, "Salma, lete ndoo ya mchanga."

Salma binti Hamadi alikuwa na miaka saba, hodari wa majina kuliko wenzake wote. Alipanda juu ya benchi, akaitungua ndoo, akaja mbio, akaimwaga yote motoni kama nilivyowafundisha. Uzito wa mchanga hakuujua. Angeujulia wapi?

Makonyo yana mafuta. Moto uliruka ukashika kanzu yangu, nami nikaupiga kwa mkono. Nakumbuka niliona ngozi ya kiganja inavuliwa kama soksi, nikaitazama tu. Mwalimu mwenzangu alinizungushia jamvi. Nikapakiwa kwenye lori la karafuu hadi hospitali.

Miguu iliuma sana. Mkono haukuuma. Daktari alinigusa vidole kwa sindano, akaniuliza kama nasikia. Nikasema sisikii kitu.

"Miguu itapona," akasema. "Huo usiouma ndio unaonitia wasiwasi."

Nilikaa hospitali miezi minne. Kila asubuhi shashi ilibanduliwa pamoja na nyama iliyokufa. Palitoka usaha, na harufu yake ilinifanya nisile. Niliambiwa huenda vidole vikakatwa. Nililipokea hilo kama mtu anayeambiwa habari za jirani. Hata machozi hayakuja.

Wiki ya pili mkaguzi wa shule alikuja kuuliza ilikuwaje. Nikamwambia mtoto alichukua ndoo ambayo sikumtuma. Akaandika, akaniombea afya, akaenda zake.

Mke wangu, Bi Zuwena, alikuwa kando ya kitanda na bakuli la uji. Mkaguzi alipotoka akaniuliza, "Makonyo ya nani yale?"

Nikafungua mdomo nipewe kijiko kingine. Akanilisha uji mpaka ukaisha. Hakuniuliza tena.

Baadaye vidonda vilianza kuota nyama nyekundu, na daktari akafurahi. Alinifunga mkono kwenye kibao ili vidole visijikunje. Kisha akaniamuru nivinyooshe kila siku, hata nikitoka damu. Viwili nilivionea uvivu, na hivyo ndivyo vilivyopinda. Vingine vilirudi. Siku niliyosikia joto la kikombe kwa kidole gumba, Bi Zuwena alilia. Mimi nilikunywa chai.

Niliporudi Gando, Salma hakuwa darasani. Wenzake walisema baba yake amemtoa, kwa sababu alimchoma mwalimu. Nikakaa wiki nzima nikifundisha kama kawaida. Ndipo nikaenda kwa Mzee Hamadi. Nikamweleza yote, tangu mchanga hadi mkaguzi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwalimu, mie mwanangu nlimpiga. Akaniapia kuwa ndoo ni ile ile uliyomtuma, nikampiga tena kwa kuapa."

Akamwita Salma. Nikamwambia mtoto kuwa alichukua ndoo niliyomtuma, na kosa lilikuwa langu. Aliutazama mkono wangu, akaniuliza kama bado unauma. Nikasema hapana. Basi akaomba ruhusa, akarudi jikoni kwa mama yake.

Nilimwandikia mkaguzi nikaeleza ukweli. Walinihamishia shule ya mji wa Mkoani, kusini mwa Pemba. Mzee Hamadi hakumrudisha Salma shule. Alisema mtoto mwenyewe hataki.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari yule, na Bi Zuwena, Mungu amrehemu. Wewe uliyeungua, nyoosha vidole vyako kila siku wala usimwonee mtu haya kwa kulia. Ukiona sehemu haiumi, mwambie daktari mapema. Na ikiwa yupo mtu anayebebeshwa kosa lako, usingoje upone ndipo useme. Mimi niliungua mkono na miguu. Mdomo wangu ulikuwa mzima tangu siku ya kwanza.