Uso wa Cyuzuzo

Wanawake wa Gisenyi wanaovusha sambaza, samaki wadogo wa ziwani, kwenda Goma kila asubuhi walizoea kumtania Languida kwamba jicho lake moja linaona kuliko yao mawili. La kushoto lilikufa kwa surua akiwa mdogo. La kulia lilikuwa na kazi ya mawili. Beseni likiwa bado mikononi mwa mvuvi, yeye alikwisha kujua kama samaki ni wa leo au wa jana, na mvuvi mwongo aliambiwa ukweli wake mbele za watu.

Kivuli kilipoingia katika jicho hilo, alipanda basi kwenda Kigali peke yake. Mutoni, binti yake wa pekee, alikuwa na mimba ya miezi mitatu, na kutapika kulikuwa kumemlaza.

Daktari hakumzungusha. Ndani ya jicho kulikuwa na saratani, bado nyembamba, na mwanga wa leza ungeweza kuipasha joto mpaka ife. Ila ilikuwa imekaa katikati kabisa.

"Patabaki kovu, mama. Utaona pembeni, utatembea, utajipikia. Sura ya mtu hutaiona tena. Lakini utaishi."

Akampa wiki moja arudi. Languida akafika nyumbani, akamwambia Mutoni kwamba amepewa matone tu.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Alilijua hilo vizuri, lakini waliolisema hawakuwa na mjukuu wa kwanza njiani. Alitaka amwone mara moja, basi. Miezi sita si mingi, alijiambia, na kwa ukaidi mama huyu hakuwa na mpinzani.

Mtoto alizaliwa salama. Siku ya nane akatolewa nje kama ilivyo desturi, watoto wa jirani wakalima kidogo kwa vijembe vyao, wakala, kila mmoja akapendekeza jina. Languida akampa la Cyuzuzo. Akamgeuzia kwenye mwanga, akainamisha kichwa upande ili kivuli kimpishe, akakiona kidevu cha marehemu mumewe. Alilia kwa furaha, na hakuna aliyeshangaa.

Wiki iliyofuata ndipo alipomwomba Mutoni ampeleke Kigali. Daktari alipima, akafungua faili, akauliza mbona hakurudi. Uvimbe ulikuwa umenenepa, joto la leza lisingefika chini yake tena. Jicho lingetolewa. Na kwenye ini kulikuwa na madoa ya saratani tayari.

Walikaa kwenye benchi nje, mtoto mgongoni kwa Mutoni.

"Mama, we ulijua tangu ile siku?"

"Mi nilitaka kumuona."

"Mutoto hakuwa na haja umuone, mama. Alikuwa na haja ubakie."

Moyo wa Languida ulivunjika hapo, si kule ndani kwa daktari. Akanyoosha mikono, akapewa mtoto. Akafumba jicho, akapitisha vidole polepole usoni mwake, na kidevu cha mumewe akakikuta pale pale.