Papa Mwenye Pengo

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mwoka mikate katika hoteli moja ya Galu. Kwa kuwa nilizaliwa Msambweni, wenzangu wa kutoka bara walidhani najua kila kilichomo baharini, nami sikuwasahihisha.

Asubuhi moja mgeni alitoka majini na ubao wake wa kuteleza juu ya mawimbi umeumwa ubavuni. Yeye mwenyewe hakuwa na hata mkwaruzo. Watu wakataka kujua ni papa wa aina gani, nami nikajitolea kabla ya kuulizwa. Nilichukua taya la papa nyundo lililokuwa pambo la baa, nikaligandamiza kwenye donge la chapati, kisha nikalinganisha alama na zile za ubaoni. Zililingana jino kwa jino. Hata mahali taya lilipong'oka jino, ubao nao ulikuwa mzima.

"Ni papa nyundo," nikatangaza. "Aina hii huzaliwa na pengo."

Wageni wakapiga makofi. Jioni meneja akaniomba nieleze tena wakati wa chakula, nikaongeza na namna anavyowinda.

Niliporudisha taya, mama aliyehudumu baa alilipokea akilitazama.

"Mtaalamu," akasema, "mbona jana yule mgeni aliliazima hili, akakaa nalo hadi leo alfajiri?"

Wataalamu wengine hutambua aina ya papa, basi. Mimi nilimtambua papa mwenyewe, na alikuwa akining'inia juu ya friji ya soda tangu nilipoajiriwa.